Mji Nilioushona Bila Siasa

Mtaani wananiita Redio, na sitajifanya sijui kwa nini. Kibanda changu cha ushonaji kina benchi la wateja refu kuliko kibanda chenyewe, maana siwezi kukanyaga cherehani bila mtu wa kunipa habari. Mtu akileta suruali ya kupunguza, naipunguza taratibu mpaka nijue mkewe karudi kwao kwa sababu gani.

Jumapili mchana sishoni. Natandaza ramani juu ya meza ya kukatia, tunacheza. Mchezo alinifundisha mpwa wangu alipokuja likizo. Kila mmoja anajigeuza mtu mwingine, askari au mwizi au mchawi, halafu mimi msimulizi nawaambia wako wapi na nini kinawajia. Wao wanasema watafanya nini, na jambo likiwa gumu, dadu ndizo zinazoamua. Mshindi hakuna. Ni watu wazima wenye ndevu na madeni, wanabishana juu ya joka ambalo halipo huku chai inapoa.

Mezani tulikuwa wanne. Kaka yangu, muuza viatu vya mitumba, yeye ni mkuu wa lango la mji. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na soko zima linamwita Cheche. Anachoma vyuma wiki nzima, na Jumapili akiambiwa achague awe mtu gani duniani, anachagua kuwa mhunzi. Wa nne ni shoga yangu Msusi, mwenye saluni ya pembeni yangu. Yeye ni jasusi, na hapo hakuigiza hata kidogo.

Tatizo ni kwamba Kaka na Cheche walikuwa hawasemeshani. Ilianza na uchaguzi wa mwenyekiti wa soko. Kaka alimpigia debe mama aliyeshinda, Cheche akawa upande wa pili. Hilo lingepita. Lakini mwenyekiti mpya aliitisha mkutano, akasema mafundi wa kuchomelea wana kelele na moto, wahamishwe kutoka mbele wapelekwe nyuma, kando ya mtaro wa maji machafu. Watu wakanyoosha mikono kukubali, na mkono wa Kaka ulikuwemo.

Tangu siku hiyo walizungumza mezani kwangu tu, tena kama mkuu wa lango na mhunzi. Na sasa Cheche alikuwa ameahidiwa nafasi kwenye soko la upande wa pili wa mji. Akihama, anahama na mkewe na wale watoto wake wanaoingia kwangu bila hodi na kufunua masufuria. Nyumba yangu ikinyamaza nitaugua. Mume wangu alishajitoa, alisema kati ya shemeji yake na mdogo wake yeye ni kiziwi. Kwa hiyo mwenye akili nikawa mimi, na ndiyo balaa lenyewe.

Nikatunga sheria: mezani hakuna siasa. Atakayeleta siasa anatoka nje, anakaa barazani mpaka aitwe. Nilijiona nimezaliwa kuongoza mataifa.

Jumapili ile mchezo ukakwama mwanzoni kabisa. Nilikuwa nimeshona ramani mpya, kazi ya mikono yangu, msitu wa kitambaa cha kijani na bahari ya bluu. Vifungo vya mashati ndio watu wenyewe. Nikamwambia Cheche apite msituni.

"Siingii humo," akasema.

"Kuna sanduku la dhahabu, shemeji."

"Libaki."

Nikamgeukia Kaka. "Mkuu wa lango, panda mashua uvuke bahari."

"Afadhali nitembee kwa miguu mpaka kesho kutwa."

Nikadhani wanaogopa wanyama wangu. Nikamwondoa simba, nikaondoa papa, nikaongeza dhahabu mpaka msitu ukawa benki. Vifungo havikusogea. Msusi akainama, akashika pindo la bahari, akaanza kucheka mpaka akapiga meza.

"Redio, hivi vitambaa umevitoa wapi?"

"Ni vipande vilivyobaki."

"Vilivyobaki kwenye nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wakati wa uchaguzi nilishona aproni za kampeni za pande zote mbili, maana cherehani yangu haina chama. Kijani ni ya mwenyekiti, bluu ni ya mpinzani wake. Nilikuwa nimewaambia watu waache siasa mlangoni, kisha nikaitandika mezani na kuizungushia pindo.

"Mimi naona rangi tu," nikajitetea.

"Fundi cherehani haoni rangi!" Msusi akafuta machozi. "Mnamsikia?"

Nikageuza ramani upande wa bitana, mweupe. Nikachukua chaki nikachora mji mpya palepale, tena kwa maringo. Mji hauna mfalme, hauna bendera wala ushuru.

"Nani anateka maji kwanza kisimani?" akauliza Msusi, mchokozi.

"Hakuna kisima. Mvua inanyesha kila siku."

"Na lango nafungua kwa amri ya nani?" akauliza Kaka.

"Kuna baraza la mji. Wazee wapole, hata hawaongei."

Nilihitaji joka lianzie mahali. Nikachora ukuta kuuzunguka mji, na nje ya ukuta nikachora vijumba. "Hapa," nikasema, "ndipo wanapokaa wahunzi. Joka linatokea upande huu, usiku umeingia, lango limefungwa."

Nawaapieni, nilikuwa nafikiria joka tu. Hata kile kimstari nilichokipitisha kando ya vijumba nilikuwa nachora njia.

Cheche akakitazama kile kimstari. "Huu ni mtaro?"

"Ni njia, shemeji."

"Wahunzi nani aliwatoa nje ya ukuta?"

"Hakuna aliyewatoa. Wako tu."

"Hakuna mtu anayejikuta tu kando ya mtaro, shemeji."

Mimi nikafanya kile ninachofanya nikibanwa, nikaongeza maneno. Nikasema joka limekaribia, lina mabawa mapana kama paa la soko. Neno soko likanitoka lenyewe.

Cheche akachukua kifungo chake akakiweka mbele ya lango la chaki. "Mkuu wa lango. Mimi mhunzi. Nina watoto huku nje. Fungua."

Kaka akazungusha dadu mkononi bila kuzirusha. "Giza likiingia lango halifunguliwi. Ndivyo baraza lilivyoamua."

"Na wewe barazani ulikuwepo?"

Dadu zikawa zinagongana kiganjani mwa Kaka.

"Nilikuwepo," akasema.

"Siasa!" nikapiga kelele, kama refa aliyeamka usingizini. "Hiyo ni siasa! Sheria ni sheria! Nani atatoka?"

Wote watatu wakanigeukia.

"Ukuta kachora nani?" akauliza Cheche.

"Na baraza kaleta nani?" akasema Msusi.

Kaka akanionyesha mlango. "Mdogo wangu, toka nje."

"Mimi? Kwenye kibanda changu mwenyewe?"

"Barazani. Mpaka uitwe."

Nikatoka. Msusi akanifungia mlango kwa heshima zote, kama mhudumu wa hoteli.

Naomba mnielewe. Mtaa mzima ulisubiri mazungumzo yale tangu uchaguzi. Mimi ndiye niliyeyatafuta kwa majoka na dhahabu, na sasa yanafanyika nyuma ya mbao, na mimi nje kwa sheria yangu. Nikabandika sikio mlangoni. Sauti ya Kaka, nzito. Sauti ya Cheche. Kiti kikasogea.

Wakati huohuo akatokea mteja wa blauzi, akakaa barazani akajipepea. "Umesikia ya mwenye duka la dawa?"

"Shh!"

Akanitazama kama niliyepandwa na homa. Hajawahi kuniona nikikataa habari. Akanyanyuka akaondoka na habari yake, na mpaka leo hajanihadithia, ameninunia.

Mlango ukafunguliwa. Kaka akatoka mbele, Cheche nyuma yake, macho ya Kaka mekundu.

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani kwa mwenyekiti," akajibu Kaka.

"Wote wawili?"

"Shemeji," akasema Cheche, "hiyo ni siasa."

Wakapita. Nikaingia ndani mbio nikamkamata Msusi mkono. "Haya, sema."

"Sheria hairuhusu, shoga."

"Nitakushonea gauni."

"Lenye bitana?"

"Lenye bitana na mifuko!"

Akavuta kiti akaketi. "Kaka yako kasema siku ile mkutanoni alikaa safu ya mbele. Mwenyekiti aliposema wanaokubali wanyooshe, akanyoosha. Hakugeuka nyuma. Kasema angegeuka angemwona Cheche amesimama, na mkono ungeshuka wenyewe. Kwa hiyo hakugeuka."

"Cheche akasemaje?"

"Kasema, 'Nilikuwa nakiangalia kisogo chako.' Basi. Wakakaa kimya, mpaka nikatamani uwepo uharibu."

Walirudi jua likielekea kushuka. Mwenyekiti hakuwafukuza, wala hakuwaahidi kitu. Suala litarudishwa mkutanoni, na safari hii Kaka ndiye atakayelisema, tena akiwa amesimama na uso kwa watu. Cheche kasema hatalijibu lile soko jingine kabla ya mkutano huo. Nilipomuuliza na baada ya mkutano itakuwaje, akanijibu, "Tutaona mikono."

Nikataka kuwafurahisha. Nikachukua kitambaa cha kufutia chaki, nikasema basi nawaingiza wahunzi ndani ya ukuta, tena karibu na lango, joka nalo naliua mwenyewe, twende tukale.

Cheche akanishika mkono juu ya ramani. "Usifute, shemeji. Waache hapohapo."

"Mpaka lini?"

Akamtazama Kaka, na Kaka ndiye aliyenijibu. "Wewe simulia joka. Mambo ya ukuta tuachie sisi."