Dunia Ilisema Salama

Mohamedamin alipotangaza nyumbani kwamba yeye na wenzake wanaanzisha jumuiya ya kuhimiza binadamu wakaishi katika sayari ya Mirihi, mama yake, Habsa, aliweka kikombe chini akamwuliza huko kuna nini.

"Hakuna kitu, hooyo. Mawe mekundu, vumbi na baridi."

"Na maji?"

"Barafu, chini ya ardhi."

"Basi si ni kama Merti tu, kule jangwani," mama akasema. "Tofauti ni kwamba Merti kuna watu."

Barwaqo, dada yake mkubwa, alicheka mpaka chai ikammwagikia. Lakini Mohamedamin hakucheka. Hilo hasa ndilo alilotaka kuuambia ulimwengu: kama kuna watu wanaojua kuishi pasipo na kitu, ni watu wa huku kwetu. Alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari mjini Isiolo, na kila Jumamosi alasiri alikutana na wenzake nyuma ya duka la vitambaa la mama yake. Walikuwa saba. Mwirigi, Mmeru mwenye duka la dawa, alihesabu chakula cha safari ya miaka mitatu. Ntinyari, afisa wa maji, alichora mitambo ya kusafisha maji ya kuogea yanyweke tena. Walizunguka shule mbalimbali wakihubiri habari ya sayari hiyo, wakaandikiana na jumuiya kama yao za nchi nyingine.

Jumuiya hizo zilikuwa na desturi ya kujifungia jangwani kwa majuma kadhaa, kana kwamba wamekwishafika huko, kisha kuandika ripoti. Mohamedamin akasema sasa ni zamu ya Isiolo. Wakapeleka kontena kuukuu kwenye mawe meusi mbele ya Merti, mahali ambapo simu haishiki. Yeye, Mwirigi na Ntinyari wangekaa humo siku kumi na nne, kwa maji ya kupimwa, bila kutoka nje ila wamevaa helmeti.

Aliyebaki nyumbani kuwa "Dunia" alikuwa Barwaqo. Marehemu baba yao alikuwa na malori ya kwenda kaskazini, na tangu utotoni Barwaqo aliijua redio ambayo baba aliitumia kuzungumza na madereva wake. Angezungumza na kambi saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Na kwa kuwa sauti huchukua muda kusafiri kati ya sayari na sayari, sheria ilikuwa hii: ukipokea ujumbe, unakaa kimya dakika ishirini ndipo unajibu.

Siku nane zilipita vizuri. Siku ya tisa, Jumatatu, baada ya adhuhuri, Habsa alianguka dukani akikunja dera. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Hospitalini wakasema ni presha, wakamlaza.

"Usimwambie Amin," mama alisema alipoweza kusema.

"Hooyo, ni mtoto wako. Ana haki ya kujua."

"Nitapona kabla hajarudi. Ukimwambia ataacha hiyo kazi." Alipumzika, akavuta pumzi. "Baba yenu alitaka kwenda kusoma Uarabuni. Mama yake akagonjeka, akabaki. Mpaka siku ya kufa alikuwa anamwangalia yule mama na jicho fulani. Mimi sitaki hiyo jicho."

Jioni ile Barwaqo alikimbia kutoka hospitalini akaketi mbele ya redio, jasho likimtiririka. Mohamedamin alieleza mambo ya kambi: wamepanda mboga za sukuma kwenye mikebe, Ntinyari ana kikohozi cha vumbi, Mwirigi anakoroma. Mwisho akauliza kama kawaida, "Na nyumbani?"

Barwaqo alikuwa na dakika ishirini za kuchagua neno. Zilipokwisha, akasema, "Nyumbani salama."

Jumanne asubuhi akasema salama. Jumanne jioni, salama, na kweli mama alikuwa ameketi kitandani akinywa uji. Jumatano asubuhi, salama. Jumatano jioni hooyo hakuwa na nguvu ya kushika kikombe, lakini alimkazia macho bintiye alipomwona anachukua mkoba. Barwaqo akaenda, akasema salama.

Alhamisi alfajiri Habsa akafariki.

Ndugu yake Habsa, mzee Dualeh, alifika hospitalini na wanaume wa ukoo. Barwaqo akamshika mkono. "Abti, tumngoje Amin."

"Yuko mbali mwendo wa siku nzima, mama. Maiti haiwekwi. Tutamzika kabla ya adhuhuri."

Saa moja kamili Barwaqo alibonyeza redio. Alikuwa amejiandalia maneno, yote yakapotea. "Amin," alisema. "Hooyo ametutoka. Leo alfajiri. Umenisikia? Amin, hooyo amekufa."

Redio ikanguruma tupu. Aliita tena, na tena. Nje, wanawake walikuwa wameanza kuingia uani na mikeka. Hakujua kama kambi imesikia au mitambo imekufa, na hakuthubutu kuondoka. Alihesabu madoa ya kutu kwenye chuma cha redio. Karibu dakika ishirini zilipita ndipo sauti ya ndugu yake ikatoka, nyembamba, kama ya mtu aliyekabwa.

"Mtaningoja?"

Barwaqo hakukawia hata kidogo. "Abti amesema kabla ya adhuhuri."

"Haya," Mohamedamin akasema.

Alifika kesho yake mchana, nyuma ya pikapu ya wauza mbuzi, yeye na wenzake wawili, weupe kwa vumbi. Hakuingia nyumbani. Alikwenda makaburini kwanza, akakaa huko mpaka Mwirigi alipomfuata. Baadaye, wageni walipopungua, alimkuta dada yake jikoni.

"Alianguka lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu jioni nilikuuliza habari za nyumbani. Ulisema nini?"

"Amin, alinikataza. Aliniapisha kwa macho yake."

"Sijakuuliza yeye alisema nini. Nakuuliza wewe."

"Nilisema salama."

"Mara ngapi?"

"Mara tano." Machozi yakamshuka. "Hata wewe jana ulininyamazia. Nakulilia, wewe unafuata sheria yenu."

"Sheria gani?" Alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Sauti ilikataa kutoka, Barwaqo. Nilishika hiyo redio, sauti ikakataa."

Ntinyari ndiye aliyeandika ripoti. Alipomwuliza Mohamedamin habari ya siku za mwisho aziseme vipi, akamwambia aandike kama zilivyokuwa. Akaandika: Kuanzia siku ya tisa, habari zilizotoka Duniani hazikuwa za kweli. Ripoti ikapelekwa, na majibu yakaja kutoka nchi za mbali. Wengi walisifu hasa sehemu hiyo, wakisema hakuna aliyewahi kufikiri kwamba watu watakaoishi mbali namna ile watadanganywa na wanaowapenda. Ntinyari alimwonyesha Barwaqo sifa hizo kwenye simu, akidhani zitamfariji. Barwaqo alisoma mbili, akarudisha simu. Aliona kama mama yake amefunuliwa sanda mbele ya wageni.

Jumamosi zikawa tupu. Mwirigi alipita mara moja akanunua kitambaa asichokihitaji, akaondoka. Mwezi wa tano Mohamedamin aliomba uhamisho, akaenda kufundisha Merti.

Kila Ijumaa alipiga simu. Walisalimiana, "Salaam aleikum," "Aleikum salaam," na Barwaqo aliposema nyumbani ni salama, Mohamedamin aliuliza, "Kweli?" Hakuuliza kwa ukali. Ndiyo maana swali hilo lilimuumiza zaidi.

Ijumaa moja ya Oktoba simu ilimkuta Barwaqo kitandani siku ya nne, taifodi imemmaliza. Falis wa jirani alikuwa akimletea maji. Neno lile la kawaida lilimfika mdomoni. Alilimeza.

"Naumwa, Amin. Siwezi kusimama."

"Nakuja," Mohamedamin akasema.

Alifika Jumapili na mkoba mmoja. Hawakusema habari ya mama. Alimnunulia dawa kwa Mwirigi, akafua shuka, akazianika vibaya. Barwaqo alilala, na alipoamka jioni akamwona kupitia mlango ulio wazi, ameketi uani kwenye kigoda, ungo magotini, akichambua mchele. Hakujua kazi hiyo. Mawe aliyaacha na punje nzima alizitupa, naye Barwaqo, badala ya kumkosoa, alimtazama mpaka giza likaingia.