Mathilde Aomba Kuogeshwa

Hippolyte alipoanguka, kijiji chote cha Wamaza kilijua. Alikuwa kwenye shamba la mihogo, jembe mkononi, upande wake wa kushoto ukafa ghafla. Walimbeba mpaka nyumbani. Binti yake Aurélie, anayeuza nguo mjini Salamabila, alifika kwa pikipiki akilia. Majirani walileta bugali na sombe ya majani ya mihogo.

Mkewe Mathilde ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kwenye godoro lililowekwa chini. Yote aliyafanya akiwa amekaa, akijivuta sakafuni. Magoti yalikuwa yakimwacha miaka mingi. Kwanza aliacha shamba la mbali, kisha kwenda mtoni, kisha misa. Kila alipoacha kitu watu walisema ni uzee, naye akasema hivyo hivyo.

Mvua ziliporudi, Hippolyte alisimama. Jumapili moja alikwenda misa kwa fimbo, mguu ukiburuta, na kanisa zima likaimba kwa shukrani. Mathilde alisikia ngoma akiwa nyumbani peke yake.

Hippolyte aliporudi, bado ana furaha, alimkuta karibu na mlango, kitenge kimelowa. Hakuweza kufika chooni.

"Mama Aurélie, iko nini?"

"Nimechoka, Baba Aurélie. Uniogeshe."

"Miguu ilikufa siku gani?"

"Haina siku. Yako ilikuwa na siku, watu wakakuja. Yangu ilienda kidogo kidogo."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema nipumzike."

Ni kweli, Hippolyte alikuwa akisema hivyo, kisha anachukua jembe lake na kwenda. Alipasha maji moto. Beseni lilimshinda kwa mkono mmoja, akawa anayaleta kwa kopo. Alimwogesha polepole, bega likiegemea ukuta. Sabuni ikamteleza, Mathilde akaiokota, akamrudishia bila kumtazama.

Kumwinua ndiko kulikomshinda. Alivuta, akapepesuka, akaketi karibu yake kwenye maji yaliyomwagika. Walikaa hivyo, wote wawili wakihema.

"Sidonie!" Hippolyte alimwita jirani kwa sauti kubwa. "Kuja! Mama Aurélie hawezi tena kusimama!"

Sidonie alikuja mbio na mumewe. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Lakini, baba, yeye tunamuonaka hivi siku zote," alisema. "Tulizoea tu."

Wakamwinua, wakamlaza. Mathilde aliomba chai yenye sukari nyingi, lakini usingizi ukamchukua kabla haijachemka.