Nyumba ya Mbugani

Wilhelmina alimkanya jirani yake mpya, Mwalimu Rugambwa, hadi akachoka: udongo mweusi wa mbuga hapa Misungwi ni wa mpunga, si wa nyumba, maana hufura wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Mwalimu alicheka. Kwao Bukoba nyumba hukaa katikati ya migomba, kwenye udongo mzuri kuliko wote. Akajenga.

Kiangazi ukuta ukapasuka, mkono unapita. Wilhelmina akaja na jembe begani, wala hakushangaa.

“Sasa nijenge wapi, mama?”

“Kule juu kwenye mchanga, penye mawe. Hapa tunachimba majaruba, vishamba vya matuta vya kutuamisha maji ya mpunga.”

“Mbona hukunionyesha kule mapema?”

“Nilikuonyesha, mwalimu. Ukaniuliza kama migomba itastawi.”