Aliyesikika Kwenye Maiki

Mwongozo wa kufundishia nyumbani uliandikwa na kijana wa kompyuta pale chuoni Mbeya, mtu asiye na mke, asiye na mgonjwa, hata kuku hana. Kaa penye mwanga. Vaa hedifoni, funga mlango, waambie wa nyumbani wasikusumbue. Nilipousoma nilisonya. Wa nyumbani kwangu alikuwa mmoja tu, mama yangu Yudith, na tangu kiharusi kimpige upande wa kulia alikuwa hajatamka hata neno.

Mimi ni mkufunzi wa uuguzi. Mkuu wa chuo, Mwalimu Geresoni, alikubali kwa shingo upande nifundishe kwa mtandao nikiwa Bulyaga, kwa mama, mpaka muhula uishe.

"Vipindi vikiyumba, Tupokigwe, unarudi huku," alisema.

Nikirudi, nani amgeuze mama kitandani? Kaka zangu? Thubutu! Basi mwongozo niliufuata wote. Meza nikaiweka sebuleni, na mlango wa chumba cha mama nikawa naufunga kila nikianza kipindi.

Ila kuna jambo lilikuwa linanila moyo. Sikujua kama mama ananitambua. Kila jioni nilikaa naye, nikamwambia, "Mama, ni mimi," na yeye anatazama dari. Ningetoa chochote anijibu, hata kwa kope.

Siku moja ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, katikati ya somo, mwanafunzi wangu Happyness akanyoosha mkono kwenye skrini.

"Samahani, Madam. Unaitwa."

"Na nani?"

"Hatumwoni. Ni sauti ya mama mtu mzima. Anaita Tupo."

Hilo ni jina langu la utotoni, chuo kizima hakuna anayelijua. Nikavua hedifoni. Kimya, mvua tu juu ya bati. Nikafungua mlango wa chumbani. Mama amelala chali, mdomo umefungwa, midomo imekauka. Nikarudi nikawafokea kweli kweli. Mnanichezea mimi? Na wodini mtamchezea mgonjwa hivi hivi?

Hawakuniambia tena. Lakini nyuso zao nilikuwa naziona. Ninafundisha, wao wanasikiliza kitu kingine. Mwanafunzi mmoja, Ackson wa kijiji cha Matwebe, aliyekulia kwenye Kinyakyusa, lugha ya mama, akawa anainamisha kichwa na kuitikia taratibu, kwa adabu zote.

"Unaongea na nani?" nikamuuliza.

"Bibi amenisalimia, Madam. Ameniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Nikamtoa darasani.

Jioni ile nikafungua rekodi ya kipindi. Chini ya sauti yangu kulikuwa na sauti ya mama, nzima, ileile aliyokuwa akifukuzia kuku kwenye maharage. Inaniita. Inanyamaza, kama mtu anayesubiri kuitikiwa, halafu inaniita tena. Nikakimbilia chumbani, nikamkuta vilevile, macho darini. Nililia, jamani. Kisha nikakasirika. Anaongea na watoto wa watu, mimi mwanawe hanisemeshi!

Ndipo Mwalimu Geresoni akatangaza kwamba atakaa kwenye kipindi changu kunikagua. Na somo la siku hiyo, sijui niseme nini, lilikuwa kumhudumia mgonjwa wa kiharusi. Nilianza vizuri. Mweleze mgonjwa kila unachomfanyia, nikawaambia, hata kama hajibu.

"Madam," Ackson akanikatiza, "nenda. Bibi anakuita, na leo ana haraka."

"Ackson, nyamaza."

Mwalimu Geresoni akasogeza uso kwenye kamera. "Mwalimu, huyo mama anayeongea hapo nyuma atoke. Tuko darasani."

Kumbe na yeye anamsikia. Wote wanamsikia isipokuwa mimi.

"Huyo ni mama yangu," nikasema, "na hapa ni kwake!"

Nikachomoa waya wa hedifoni, nikabeba kompyuta mikononi, nikaingia chumbani. Mama alikuwa anapumua kwa mbali sana, pumzi moja, kisha hakuna, kisha nyingine. Upumuaji ule naujua, naufundisha. Kompyuta nikaiweka juu ya stuli, nikakaa pembeni ya kitanda, nikamshika mkono.

"Mama, niko hapa. Ni mimi."

Hakuna. Macho darini, mdomo umefungwa. Kwenye kompyuta nikasikia wasichana wanalia.

"Ackson! Anasema nini?"

"Madam..."

"Sema, nimekwambia!"

"Anasema kila siku unakaa hapo hapo, unashika mkono huo huo, na yeye hahisi kitu. Akawa anadhani humshiki. Anasema mshike ule mwingine."

Mungu wangu. Kitanda tulikisukuma ukutani ili asianguke, nafasi ya kukaa ikabaki upande mmoja tu, wa kulia, upande uliopigwa. Na mimi ni mkufunzi, ninawafelisha watu mtihani kwa kosa hilo hilo. Nikapanda kitandani na viatu vyangu, nikajipenyeza kati yake na ukuta, nikauchukua mkono wa kushoto.

Ukanibana. Kwa nguvu, mpaka vidole vikaniuma.

"Mama, ni mimi."

Ukanibana tena. Nikacheka na machozi yananitiririka, nikamwita mama, mama, mama, sijali nani ananisikia huko Mbeya.

"Anasema nini sasa, Ackson?"

Ackson akainama, akasikiliza.

"Hasemi, Madam. Amenyamaza."

Nikatazama kifua chake, nikasubiri pumzi nyingine. Mkono ulikuwa bado umenibana.