Kilomita Zisizokwenda Popote

Kabla ya alfajiri nilisikia kifuniko cha sufuria kikigonga ukingo, kisha kimya cha mtu anayejilaumu. Mjukuu wangu Silantoi alikuwa akipasha loshoro, mahindi yetu ya maziwa ya mgando, akijitahidi asiniamshe. Aliondoka nyumbani kwetu Lemara bila kula, chakula kikabaki mezani.

Nilijua sababu. Saa nne asubuhi alitakiwa kukabidhi barua ya kukiri kwamba ameharibu laini ya mkongo inayotuletea mawasiliano kutoka Dar, kisha aache kazi. Mkuu wake, Bwana Aristides, alikuwa amemwandikia hata maneno ya kukiri. Mtu wa huruma kweli.

Silantoi alinieleza ilivyokuwa. Ndani ya uzi wa kioo, mwanga husafiri kwa vipande vidogo. Safari ikiwa ndefu, vipande hutanuka na kupandana, hata mashine isijue kipi ni kipi. Ndiyo maana kituoni kuna sanduku lenye kilomita kumi na tatu za uzi wa aina nyingine uliozungushwa. Mwanga ukipita humo hujipanga upya. Siku moja Bwana Aristides aliliona.

"Kilomita zote hizi zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote, mkuu."

"Basi ni hasara. Litoe, tufupishe njia."

Likatolewa, mawasiliano yakavurugika. Akaagiza mwanga uongezwe nguvu, kama mtu anayempigia kelele mgeni asiyejua lugha. Yakavurugika zaidi. Silantoi alipoliomba sanduku, aliambiwa limesharudishwa Dar.

Basi nikabeba loshoro hadi kituoni, Kisongo. Mlinzi, Lemomo, aliniamkia, akanitolea sanduku jeusi la chuma kibandani kwake nilikalie. Alilifuta vumbi kwa shuka lake, kisha akakunja koti lake na kuliweka juu, nisisikie baridi ya chuma. Sikumwomba.

Silantoi alipotoka kunisalimia, macho yake yalishuka hadi nilipokaa.

"Koko," akasema, kama tunavyoitwa bibi kwetu, "simama taratibu."

"Nimekosa nini tena?"

"Umekalia kilomita kumi na tatu."

Lemomo akashtuka. "Mkuu ndiye aliyelileta. Alisema niweke birika juu yake."

Ilikuwa saa tatu. Walilibeba ndani wawili, wakiliinamia kama mtoto mchanga. Silantoi alisafisha ncha za nyuzi, akaunganisha, akaurudisha mwanga kwenye nguvu yake ya kawaida.

Saa nne Bwana Aristides aliingia na mgeni kutoka makao makuu, Mama Elifuraha.

"Barua iko wapi?"

"Hii hapa, mkuu. Ila laini imetulia."

Mama Elifuraha alitazama skrini muda mrefu. Bwana Aristides akakohoa. "Sanduku nililipumzisha kwa makusudi. Lilikuwa jaribio."

"Pole, mwanangu," nikamwambia kutoka mlangoni. "Jaribio lako lilikuwa kwa mlinzi, chini ya birika."

Mama Elifuraha aliisoma barua hadi mwisho, akamkabidhi Bwana Aristides.

"Maneno ni mazuri, Aristides. Nakili upya, uweke jina lako. Silantoi, endelea na kazi."

Mjukuu wangu alikula loshoro akiwa amesimama, bakuli zima.

Lemomo alinisindikiza hadi barabarani, akasimamisha bodaboda, akamsihi dereva aende polepole.

"Koko," akasema, "Jumatano mkuu atakuwepo tena, na hapa hakuna mwingine wa kumwambia ukweli. Tafadhali, uje tena."