Kiti cha Nyuma cha Bok-suan

Swichi ya sufuria ya umeme iliruka, tak, kabla hapajapambazuka, na Siok-hun akajua wali umeiva. Alipakua bakuli mbili. Moja aliiweka mbele ya picha ya mumewe, Bok-suan, ikapoa bila kuguswa kama zilivyopoa nyingine siku arobaini na sita mfululizo. Mumewe hakuwamo nyumbani. Alikuwa darajani.

Kosa lilikuwa la Siok-hun. Siku ya kuirudisha roho ya marehemu nyumbani walianzia chini ya daraja, kwenye mawe alikoangukia na pikipiki yake, kuhani mbele, yeye nyuma na udi mkononi. Kila kona alimwambia mumewe kama inavyotakiwa, "Tunakata kushoto, mzee." Walipofika darajani simu ikalia. Ilikuwa ofisi ya barabara, inataka namba ya ile pikipiki. Akaitaja, akaendelea na safari, na asikumbuke kusema, "Tunavuka daraja, mzee." Bok-suan, asiyeambiwa, akabaki.

Siku ya arobaini na tisa jina lake lilikuwa liandikwe kwenye kibao cha mababu. Ambaye hajafika nyumbani siku hiyo hukaa nje milele. Zilibaki siku tatu, na usingizi ulikuwa umemhama Siok-hun.

Kumpata halikuwa tatizo. Bok-suan alisimama palepale alipoangukia, kwenye pengo la ukingo wa daraja, na jaketi lake la kijivu, na wakulima wa vitunguu saumu walimpungia mkono wakipita. Mkewe akija na skuta alipanda bila ubishi. Lakini kila walipofika kibanda cha tambuu, mwisho wa daraja, alimgusa bega. "Niteremshe, Hun. Kiti kinaniumiza." Akashuka, akarudi kwa miguu.

Asubuhi hiyo Siok-hun alikwenda kwa Khoo, fundi wa viti vya pikipiki.

"Cha mzigo au cha mtu?" Khoo aliuliza.

"Cha mtu. Bok-suan."

"Kaka yangu yule makalio hakujaliwa. Lazima aumie. Uzito?"

"Zamani kilo sitini na nane. Sasa akipanda, skuta haididimii hata kidogo."

Khoo alitikisa kichwa. "Basi sponji ngumu haimfai, shemeji. Ngumu inataka mtu wa kuikandamiza. Mama mkwe wa Tan nilimwekea ngumu baada ya mazishi, ikawa kila breki anateleza mpaka mgongoni kwa Tan. Naye Tan hakumpenda hata alipokuwa hai."

Alibonyeza vipande vitatu vya sponji kwa kidole gumba, akachagua cha katikati, akakiwekea juu tabaka jembamba laini. Alieleza kwamba ulaini si kitu. Kitu ni mteremko. Kiti kikiinamia mbele abiria humsukuma dereva. "Dereva anadhani anabembelezwa, kumbe anasukumwa mtaroni."

Siok-hun akacheka kidogo. Vidole vyake havikuacha kuzungusha ufunguo wa skuta, na Khoo, ambaye hakuhitaji msaada wowote, akampa kopo la gundi alishike kwa mikono yote miwili mpaka alipomaliza kushona.

Walikwenda pamoja darajani, kila mtu na chombo chake. Ukungu ulikuwa umeshainuka. Bok-suan akaketi, Khoo akapitisha kiganja chini ya mapaja yake na kuridhika.

"Vipi, kaka?"

"Safi. Mkono wako hauzeeki."

"Tunavuka daraja, mzee," Siok-hun akasema, mara tatu, kwa sauti. Aliendesha polepole, roho mkononi. Kwenye kibanda cha tambuu akaguswa bega.

"Niteremshe, Hun."

"Kinauma wapi?" Khoo aliuliza, naye ameumia kidogo moyoni.

Bok-suan alitazama miguu yake. "Hakiumi. Hata kile cha zamani hakikuuma. Nilisema hivyo Hun asije akaniuliza maswali." Kisha akamgeukia mkewe. "Ukungu ukishuka wapita njia hawalioni pengo. Wananiona mimi. Jana wasichana wawili wa shule kwenye pikipiki moja, wanaongea, hawatazami mbele. Wakaniona, wakafunga breki, wakaniamkia. Nikiondoka, watamwona nani?"

Siok-hun akapiga simu ofisi ya barabara. Kijana mmoja mpole alimjibu kwamba ukingo ulitengenezwa mwezi wa tatu mwaka jana, na picha ipo.

"Nimesimama hapa, mwanangu. Pengo naliona."

"Ndiyo, mama. Ila kwenye kumbukumbu zetu limezibwa. Ndiyo maana suala la ajali ya mzee halijakwenda. Kwa mujibu wa kumbukumbu hapakuwa na pa kuangukia."

"Mume wangu ndiye anayezuia watu wasianguke."

Kijana akasikika akiandika. Akauliza kama mzee ana kibali cha kusimama darajani.

Siok-hun akakata simu. Khoo alikuwa amechutama, anakaza skrubu za kiti ambazo tayari zilikuwa zimekazwa.

"Na kibao?" Siok-hun alimuuliza mumewe. "Siku tatu, mzee."

"Waandike jina. Mimi nitafuata wakishaziba."

"Wameshaziba. Hukusikia?"

"Nimesikia."

Mtoni ukungu ulianza tena kujikusanya juu ya mawe. Lori la vitunguu lilipiga honi kwa mbali. Bok-suan alifunga zipu ya jaketi, akatembea kuelekea kwenye pengo, kisha akasimama na kugeuka, kama mtu mwenye haya.

"Hun," alisema. "Kesho uje tena. Unizungushe mpaka hapa kibandani tu, halafu unirudishe."