Laini Aliyoitaja Mama

Mimi ndiye niliyemtoa mume wangu Kihara kule Kawangware, kwenye chumba kizuri cha mawe, nikamleta Laini Saba hapa Kibera kukanyaga matope. Na sikumwomba, nilimwamuru! Mama akikata roho aliniambia, "Wagaki, dada yako Wacera nilimwacha laini, chini ya reli, kwa Mama Akoth. Mtafute." Ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, kabla sijazaliwa, Wakikuyu wakipakiwa kwenye treni kwa bunduki. Sasa niambie, Nairobi hii ukisikia laini, na reli hiyo hapo juu, utaenda wapi?

Nimebisha kila mlango. Kina Akoth wamejaa tele, lakini Wacera hakuna anayemjua.

Juzi Kihara akaleta karatasi kuukuu tuzibe ukuta, maana upepo unatumaliza. Nikapika gundi ya unga, nikabandika. Kumbe ni ramani ya zamani, mashamba ya wazungu huko Njoro, reli imepita katikati. Kihara akasoma polepole, "Leba laini. Ni nini hii?"

Jirani yetu Jeconia, Mjaluo, alikuwa mlangoni. "Nyumba za vibarua wa shamba. Mimi nilizaliwa laini."

"Laini Saba?"

"Laini Saba gani! Laini ya mzungu, shemeji."

Ai! Nikamsukuma Kihara nikatazama mwenyewe. Laini hapa, laini pale, kila shamba lina yake, na mistari ya vilima imezunguka kote kama nywele zilizosokotwa vibaya.

"Chini ya reli ni wapi?" nikafoka. "Huku kwenye mteremko, ama huku chini ya karatasi?"

"Sijui, Mama Simeon," Kihara akasema. "Na wazungu wenyewe walishauza mashamba."

Nikalia mbele ya watu. Miaka yote hii nimegombana na majirani bure!

Jeconia akauliza dada yangu aliachwa akiwa mkubwa kiasi gani.

"Alikuwa hajaota hata jino."

Akavua kofia. "Siku zile mtoto wa Kikuyu angeshikwa. Mama Akoth lazima alimpa jina letu, shemeji. Huyo dada yako ni Mjaluo. Hata ukimpata, ukiita Wacera hatageuka."